Chungu cha Risasi

Gari la matangazo lilipita tena Mtaa wa Mchikichi, spika zake zikikoroma juu ya vitenge, masufuria na mabegi ya shule. "Yeyote aliyenunua au kuhifadhi risasi aziwasilishe kituo cha polisi kilicho karibu naye. Hatachukuliwa hatua yoyote."

Inspekta Jovitha Shirima wa ofisi ya upelelezi ya mkoa alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Alisimama akalisikiliza tangazo lile mpaka mwisho. Alitamani kucheka, halafu akatamani kulia, na kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama hakufanya lolote.

"Jana si tulikubaliana neno risasi litoke?" alimuuliza dereva wake.

"Tulikubaliana, afande. Lakini la jana ndilo lililokuwa limesharekodiwa."

Kariakoo nzima inajua risasi ni nini. Ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Kwamba risasi ni madini pia, yale mazito ya kijivu yanayotumiwa na mafundi betri na wavuvi, kila mtu analijua siku za kawaida na hakuna anayelikumbuka askari akiwa mlangoni. Balaa lote lilianzia hapo. Kampuni moja ya kupima mabomba kwa mionzi ilivunjiwa stoo, na mtunza stoo akapiga simu polisi kusema, kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba wezi wameondoka na chungu cha risasi. Aliyepokea simu akaandika risasi. Aliyepokea kutoka kwake akaongeza sanduku. Habari ilipowafikia wakubwa ilikuwa shehena, na askari wenye bunduki wakamwagwa kwenye vibanda vya vyuma chakavu kule mtaa wa Gerezani kutafuta silaha. Kidonge cha mionzi kilichofungiwa ndani ya kile chungu hakikutajwa na mtu, hadi mtunza stoo alipokuja mwenyewe kuuliza mbona mali yake inatafutwa kwa mabomu ya machozi.

Hapo ndipo jalada lilipotupwa mezani kwa Jovitha, likiwa limeshaharibika. Kazi yake ilikuwa moja: akipate hicho kidonge. Mwenye kibanda kimoja cha Gerezani, Kitwana, alikuwa ameshalazwa na mikono iliyoungua bila moto. Popote kidonge kilipokuwa, kulikuwa na watu wengine wanaokaa nacho na hawajui.

Kwenye geti la kituo alimkuta Mama Selina pale pale alipomwacha jana, ameketi juu ya kanga iliyokunjwa, bakuli la uji mapajani. Mama huyu wa Masasi, muuza mihogo ya kuchemsha pale Ilala, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Pius, kibarua wa Kitwana. Siku ya msako Pius alizolewa pamoja na wenzake wote wa kibandani na hakuwa ametoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja, afadhali." Alimshika Jovitha mkono kwa mikono yake miwili. "Pius wangu hali. Jana wamenirudishia bakuli kama nilivyolileta. Wanasema anatapika. Mimi naomba tu mniachie nikamuuguze nyumbani, akipona nitamrudisha mwenyewe."

"Mama, nisikilize." Jovitha alichuchumaa. "Huku mtaani kuna kitu kibaya kinazunguka, hatujui kiko wapi. Kinaunguza watu. Kwa sasa Pius yuko salama humu ndani kuliko angekuwa Gerezani. Unanielewa? Humu hakimfikii."

Mama Selina aliitikia kwa kichwa. "Kama umesema wewe, sawa."

Jovitha aliliamini neno lake. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba hakuwa amedanganya.

Kaunta ilikuwa na Sajenti Benedict, mtunza vielelezo, mtu mnene, mcheshi, ambaye siku hiyo ucheshi ulikuwa umemwishia. Alikuwa ameegemea kabati la chuma nyuma yake, jasho limemlowesha kola. Kabati lile lilisimama kwenye ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikokuwa chumba cha mahabusu.

"Huyo Pius anayetapika kaitiwa daktari?"

"Wanajifanya hao, afande. Kaanza mmoja, sasa wote wanatapika. Wanataka dhamana hao, nawajua."

"Na wewe unajifanya? Mbona umepauka?"

Benedict alijaribu kucheka, akajikuna kifuani juu ya mfuko wa shati. "Tumbo, afande. Tangu juzi. Nadhani ni zile chapati za mama lishe wa hapo nyuma, maana na mahabusu wanaletewa hizo hizo."

Jovitha alilitia akilini. Kama ni chapati, basi ni kazi ya bwana afya, siyo yake. "Niambie tena mlichokamata kule kwa Kitwana."

"Takataka tu. Visu, bangi, simu zisizo na wenyewe, betri za gari, risasi moja mbovu." Aligonga kabati kwa kiwiko. "Sanduku la risasi hatukuliona. Tulipekua mpaka chini ya jiko."

Risasi moja mbovu kwenye vyuma chakavu vya Bongo haikumshangaza Jovitha. Ndani ya malundo yale watu wameshaokota mpaka ngao za wakoloni. Akaenda zake uani.

Uani kulifungwa turubai, na chini yake iliketi kamati ya dharura, kila idara na chupa yake ya maji. Mwenyekiti alikuwa Bwana Leodegar kutoka ofisi ya mkoa, mtu nadhifu, mpole, mwenye kipaji cha kufanya kila swali liwe ajenda. Zimamoto walisema wako tayari kuizunguka Kariakoo wakipewa amri. Watu wa jiji walisema soko haliwezi kufungwa bila wizara. Watu wa afya walisema kitu kikiwa bado hakijapatikana ni cha polisi, kikishapatikana ni chao. Walikuwa wanatupiana mpira kwa adabu kubwa, wakianza kila sentensi na "kwa heshima na taadhima".

"Mtaalamu, tupe ya soko la samaki la Feri," Leodegar alisema.

Ansbert, kijana mwembamba wa kitengo cha mionzi, alisimama. "Chungu tumekipata. Tuseme tumepata kilichobaki. Kitwana alikivunja akamuuzia Nurdin, fundi anayesubu chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, pale Feri. Nurdin ameshakiyeyusha chote. Nimepima chubwi, nimepima sufuria, nimepima mpaka majivu. Kimya kabisa."

"Basi hiyo ni habari njema."

"Hapana, mwenyekiti. Kule kidonge hakijafika. Kilitolewa kabla ya kuuzwa. Ile risasi nene ndiyo iliyokuwa inatukinga nacho. Sasa kiko uchi."

 Kisha mtu wa jiji akauliza kama neno "uchi" litafaa kwenye taarifa kwa umma.

Jovitha alimvuta Ansbert pembeni. Kijana alikuwa na kipimo chake mkononi, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kilikuwa kinatoa mlio mdogo wa kutatarika kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia tone la maji.

"Kina nini hicho?"

"Kimechafuka." Ansbert alionekana amechoka kiasi cha kutia huruma. "Lazima kuna vumbi nimekanyaga njiani. Nimekifuta, nimebadilisha viatu, bado kinalia. Nimeomba kingine kutoka makao makuu Arusha. Bila kipimo safi siwezi kuingia sokoni, dada. Nitawaambia watu duka lina mionzi kumbe ni mimi."

"Kinakuja lini?"

"Wamesema barua ya maombi isainiwe na mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa anajadili neno "uchi". Jovitha aliona heri aondoke kabla hajasema la kumfukuzisha kazi. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekishika kidonge kile kwa hakika, na huyo alikuwa hospitalini.

Kitwana alilazwa peke yake mwisho wa wodi. Wauguzi walikuwa wakimpa chakula kwa kukisukuma kwa ufagio, japokuwa Ansbert alishawaapia kwamba aliyeunguzwa na mionzi hamwambukizi mtu. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mtu wa Lindi, wa makamo, mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, na nyingine zilikuwa zimebaki kwenye mto. Jovitha alivuta kiti akakaa karibu kabisa.

"Shikamoo Mzee Kitwana."

"Marahaba. Ukae mbali, binti, wenzako wanakaa kule."

"Hapa panatosha. Mzee, tumekuja tena kwa habari ya ile risasi."

Sura ya Kitwana ikajifunga. "Nimeshawaambia wenzako. Mimi sina risasi. Sijawahi kuuza risasi. Ukoo wetu mzima hakuna jambazi."

"Lakini Nurdin wa Feri anasema ulimuuzia."

"Nurdin muongo! Risasi Nurdin ataipeleka wapi? Anaua samaki kwa bunduki?" Alianza kukohoa, akashindwa kujifuta. Jovitha alichukua kitambaa akamfuta midomo. Kitambaa kilitoka na damu ya ufizi.

Alikaa nacho mkononi akimtazama mgonjwa. Watu watatu walishamhoji kabla yake, wote kwa neno lile lile, na mara zote tatu huyu baba alikuwa amekana kumiliki silaha. Alikuwa anakufa huku akijitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyemshtaki nalo.

"Mzee," alisema taratibu, "tuliache hilo neno. Sikuulizi habari za bunduki. Kuna dude zito lililetwa kwako, kama chungu, la kijivu, lina mfuniko. Ukilikwaruza na kisu linang'aa."

"Ahaa, timazi!" Kitwana alifumbua macho. "Timazi ile? Sasa kwa nini hamkusema? Sisi tunaiita timazi. Ndiyo, nilinunua, nikaivunja. Nikamuuzia Nurdin. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa. Ndani yake kulikuwa na nini?"

"Hamna kitu. Kijichuma kimoja tu kilidondoka." Alitaka kuonyesha kwa vidole, bandeji zikamzuia. "Kidogo hivi, kirefu kidogo, mviringo, kinang'aa sana. Nikakipenda. Nilikuwa nakichezea mkononi nikiongea na wateja. Nilisema nitampa sonara akitie kwenye pete."

"Kiko wapi sasa?"

Kitwana alimshangaa. "Unaniuliza mimi? Si mnacho nyie?"

"Sisi nani?"

"Polisi. Siku ile mlivyokuja. Nilikuwa nacho mkononi. Yule sajenti wenu mnene akanifungua vidole, akanizaba kibao, akawaita wenzake, 'Hii hapa risasi! Mlisema hana!' Akakitia mfuko wa shati." Alimeza mate kwa taabu. "Nilimwambia siyo risasi, bwana mkubwa. Akaniongeza kingine."

 Risasi moja mbovu. Walitumwa kutafuta risasi, wakaikosa risasi, wakaona kitu kinachofanana na risasi. Mfuko wa shati, na mahali Benedict alipokuwa akijikuna. Kabati, na ukuta ule.

"Walikuachia wewe peke yako?"

"Nilianza kutapika mle mle karandingani. Wakasema nitawachafulia. Wakanitupa hapa. Vijana wangu wakaenda nao." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Binti, kile kijichuma ndicho?"

"Ndicho, mzee."

"Na vijana wangu wako nacho?"

 Jovitha alikuwa ameshatoka nje, simu sikioni.

"Ansbert, kule Feri kipimo kililia?"

"Nilishasema, kimya. Hata kwenye majivu."

"Kilianza kulia lini?"

"Niliporudi. Nilipokiwasha hapa kituo–"  Jovitha alisikia ule mlio wa kutatarika ndani ya simu, mdogo, mvumilivu, kama ulivyokuwa tangu asubuhi ukiwaambia.

"Hakijachafuka, Ansbert. Kiko kwenye kabati la Benedict. Mtoe Benedict, watoe mahabusu wote, watu wahame hapo. Sasa hivi."

"Mungu wangu," alisema Ansbert. "Mungu wangu. Wale wamelala ukutani pale."

Foleni ya Msimbazi ilimpa nafasi ya kuyafikiria yote. Alipoingia kituoni alitegemea kukuta uwanja umejaa watu waliotolewa. Alikuta turubai liko wima na kamati imesimama, jambo ambalo kwao lilikuwa ni hatua kubwa. Ansbert alikuwa analia waziwazi.

"Funguo zipo," alisema. "Wanasema mahabusu hawatoki bila amri."

"Inspekta, tusiende kwa jazba," Leodegar alisema kwa upole ule ule. "Wakitoka na kutoroka, nani atawajibika? Nimempigia mkuu wa wilaya. Halafu kuna suala la gari. Watu wa afya wanasema hao ni mahabusu, wabebwe na karandinga. Polisi wanasema ni wagonjwa, waletewe ambulensi. Nadhani tukipata dakika chache tu za kuweka sawa–"

"Funguo ziko wapi?"

Macho yao yalimwelekeza. Jovitha aliziokota mezani kati ya chupa za maji.

Ndani, Sajenti Benedict alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kichwa amekilaza kwenye kabati, macho nusu wazi. Wenzake walikimbia wakamsahau. Shati lilikuwa limefunguka vifungo, na upande wa kushoto wa kifua, mahali pa mfuko, kulikuwa na alama nyekundu ya duara, ngozi imeanza kuvimba maji.

"Simama, Benedict. Toka nje."

"Afande, zile chapati..." alisema.

"Siyo chapati. Toka."

Alimnyanyua akamsukuma mlangoni, kisha akageukia mlango wa mahabusu. Ansbert alikuwa amemwonya kwa simu asikae mle hata kidogo zaidi ya lazima. Ufunguo wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia. Harufu ya matapishi ilimpokea, na sauti ya mtu aliyekuwa akiomba maji, wala si kwa kupiga kelele, aliomba tu kama mtu aliyeshazoea kutosikiwa.

Walikuwa wamejipanga chini, migongo ukutani. Ukuta ule ndio uliokuwa na ubaridi kidogo, ndiyo maana wenye nguvu waliugombania na wanyonge wakasukumwa upande wa mlango. Wanyonge walitoka kwa miguu yao. Pius, kijana wa kubeba vyuma, mwenye mabega ya kubeba vyuma, alitolewa na watu wawili waliomkokota, nywele zake zimebaki kwenye rangi ya ukuta.

Waliwalaza uani, mbali, karibu na geti, wakawazungushia kamba. Askari walisimama nje ya kamba ile, na kila ambaye alikuwa na leso alijiziba pua. Nyuma yao, chini ya turubai, ubishi wa karandinga na ambulensi uliendelea.

Jovitha alimshika Ansbert bega. "Mama yake anaweza kumshika?"

"Anaweza. Hana madhara yoyote. Kidonge chenyewe hakijapasuka, hawana vumbi lake mwilini."

"Atapona?"

Ansbert alikitazama kipimo chake. Hapo walipokuwa wamesimama kilikuwa kimepungua mlio. Alikizima, akakitia mfukoni.

Mama Selina alikuwa ameshaingia getini, bakuli kifuani, askari kijana akimzuia kwa mkono ulionyooka. Jovitha aliinyanyua kamba. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa ameyatamani hata, maana yangempa la kufanya: angeinamisha kichwa na kuyapokea yote.

Mama Selina alimwona mwanawe amelala nje, kwenye jua, bila pingu, bila mlango. Uso wake wote ukafunguka. Alimgeukia Jovitha akapiga magoti, mtu mzima yule, mbele ya kamati nzima.

"Ahsante mwanangu," alisema. "Ahsante. Nilijua utamtoa."

Kisha akaketi chini, akakiweka kichwa cha Pius mapajani, akaanza kuupuliza uji upoe.